Biskuti za Kupalia

Zaituni na Hawa, wanangu,

Mmenifukuza jikoni kwa adabu, ninyi niliowafundisha kazi, na mimi nimetoka kwa adabu. Kiti mlichoniwekea barazani ni kizuri, kina mto, na mmekigeuza kitazame barabarani ili mimi nisitazame jikoni. Nimeelewa. Lakini mtu aliyeoka biskuti za tangawizi tangu Shaibu akiwa mgongoni mpaka Shaibu akaota kitambi hawezi kuamka siku moja akakaa kwake kama mgeni. Ndipo Hawa aliponiambia, "Mama, si uandike? Kila unachotaka kutuambia, kiandike, tutasoma." Nadhani alitaka tu ninyamaze. Basi naandika, na kusoma mtasoma.

Nitasema ukweli mapema: naogopa. Siogopi kwamba mtaunguza, kwani hakuna asiyeunguza. Naogopa kwamba watu wa Nachingwea na Ruangwa waliozizoea biskuti hizi wataonja zenu, watasema ahsante, halafu hawatarudi. Watu wa huku hawakwambii usoni kwamba chakula chako kibaya. Wanasema wameshiba. Kazi niliyoijenga kwa miaka yote hii inaweza kufa kwa heshima namna hiyo, bila mtu hata mmoja kupandisha sauti. Ndiyo maana mmekuwa mkiniona naingia jikoni kutafuta kijiko ambacho sina haja nacho.

Mimi, kama mnavyojua, ni wa Muheza. Nilikuja Nachingwea nikimfuata Baba Shaibu, fundi wa mashine za kusaga na kukoboa, aliyeniambia kwao ni mjini. Nilipofika nikamuuliza mji uko wapi. Akanionesha barabara pana zilizonyooka, akasema wazungu walizichora kwa ajili ya karanga. Karanga zikakataa, barabara zikabaki. Nilicheka, yeye hakucheka, na kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo hivyo ndivyo tulivyoishi.

Kuoka nilifundishwa na shangazi yangu huko Muheza, ambako iliki na mdalasini si vitu vya kufungia kabatini. Hakuwa na oveni. Alikuwa na sufuria kubwa, mchanga mkavu chini yake, trei ya bati juu ya mchanga, na bati la kufunikia. Moto chini, na makaa juu ya bati. Hayo makaa ya juu ndiyo tuliyoita kupalia. Kwetu, ukimwambia msichana "palia", hakuulizi swali. Anachota makaa, anayapanga juu ya mfuniko, wali unakauka au keki inaiva upande wa juu. Neno la kawaida kabisa. Nililibeba pamoja na sufuria, sikujua kwamba huku lina kazi nyingine.

Siku ya kwanza niliyooka hapa nyumbani niliikumbuka kwa muda mrefu. Nilikuwa mpweke, Baba Shaibu yuko kazini, nikasema ngoja ninukishe nyumba angalau nijisikie niko kwetu. Nikaponda tangawizi mbichi, nikatia karafuu, iliki, mdalasini na chembe ya pilipili manga, nikakanda na siagi na sukari guru. Harufu ikatoka, ikavuka ua. Haukupita muda nikasikia hodi. Jirani amesimama mlangoni, khanga kichwani, uso umekunjamana.

"Pole, mwenzetu," akasema. "Tumesikia harufu ya tangawizi. Nani anaumwa?"

Huku tangawizi ilikuwa dawa ya kifua. Mtu mzima hawezi kuponda tangawizi mchana kweupe kama hana mgonjwa ndani. Nikamwambia hakuna mgonjwa, napika biskuti. Akanitazama kwa huruma zaidi, akaenda kuwaita wenzake. Wakaja, wakakaa mkekani, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kumjulia hali mtu mahututi. Sikuwa na la kufanya ila kutoa biskuti. Wakapokea kwa mikono miwili, wakatafuna polepole. Mmoja akaniuliza, "Hizi tunakula kabla ya chakula au baada?"

Kazi yangu ilianza hivyo, na wagonjwa waliopona. Wiki iliyofuata yule jirani alirudi, akasema kifua kimembana tena. Nikamwangalia machoni, tukacheka sote wawili, na tangu siku hiyo sikuwa mpweke tena mtaa ule.

Nikaanza kuuza. Kwanza kwa walimu na watumishi wa maofisini, wale waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine na ambao walikuwa tayari kula chochote kilichowakumbusha kwao. Baadaye wafanyabiashara wa korosho. Vifaa vyangu mnavijua, maana vingine bado mnavitumia na mnavicheka: chupa ya kusukumia, mdomo wa glasi wa kukatia, na kile kipande cha bati nilichokitoboa kwa msumari ili kiwe cha kukwaruzia tangawizi. Zaituni, kile cha kununua ulichokileta ni kizuri, kinang'aa, ila kinaacha nyuzi. Tangawizi yenye nyuzi inamkera mtu mwenye pengo. Na wateja wetu wengi wana mapengo.

Lakini biskuti zangu za wakati ule zilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe sikuujua. Zikitoka jikoni zilikuwa nzuri, zimeiva rangi ya udongo wa Ruangwa, mtu anakula anafumba macho. Kesho yake zilikuwa zimelegea. Siku ya pili ungeweza kuzikunja. Nilibadilisha unga, nikabadilisha siagi, nikapunguza maji ya tangawizi, nikafunga kwenye mfuko, nikafunga kwenye kopo. Nikailaumu mvua. Wateja wa mjini hawakulalamika kwa sababu walikuwa wanazimaliza siku hiyo hiyo. Wale wa mbali walisema ahsante.

Sasa nimfikie mama mkwe wangu, Bi Somoe, ambaye ninyi hamkumkuta. Alikuwa Mmwera wa Nambambo, mkulima, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni, na alikitumia kwa kubana matumizi, mkaa kwake nkaa, mche nche. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa tatu ulinikuta sijapewa hata kisu cha kukatia mboga. Nikienda Nambambo natandikiwa mkeka kivulini, naletewa maji, naambiwa nipumzike. Baba Shaibu akasema mama yake ananiheshimu. Mimi nilijua kuheshimiwa kwa namna hiyo maana yake bado hujafika.

Ndipo ikaja harusi ya Mbekenyera. Binti wa dada yake Baba Shaibu alikuwa anaolewa, na mjomba wa bibi harusi aliyesimamia shughuli, kaka mkubwa wa Baba Shaibu, alikuwa ameonja biskuti zangu mara moja hapa mjini, zikiwa za moto. Akaenda kuutangazia ukoo mzima kwamba chai ya harusi itanywewa kwa biskuti za shemeji yake wa Nachingwea. Hakuniuliza. Nilipopata habari, watu walikuwa wameshaahidiwa. Wanangu, fikirieni: ukoo wa mume umekaa mkekani, unaletewa biskuti inayojikunja. Ndoa yangu isingevunjika, lakini ningebaki mgeni mpaka kufa.

Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, mvua zimeshika, na kila mwenye shamba alikuwa ameinama na jembe. Bi Somoe akaacha mahindi yake, akapakiwa kwenye baiskeli kutoka Nambambo kuja kunisaidia, na jembe lake akaja nalo, sijui alidhani analikuta shamba gani hapa uani. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza amekuja kufanya kazi kwangu na si kusalimia.

Nikapanga sufuria zangu mbili uani, nikawasha, nikaweka trei za kwanza, nikafunika na kupanga makaa juu. Nikagundua tangawizi haitatosha. Nikamwambia, "Mama, nakimbia sokoni mara moja. Ukiona moto wa juu umepoa, palia."

"Nipalie?" akauliza.

"Ndiyo, mama, palia."

"Haya," akasema, akajifunga khanga kiunoni. Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale, maana mtu hajifungi kiunoni ili kuongeza makaa mawili.

Nilirudi na tangawizi yangu mkononi, nikasimama. Juu ya mabati ya kufunikia yalibaki makaa machache, yamepangwa pembeni kwa nafasi, kila moja peke yake, kama mahindi yaliyopunguzwa vizuri. Katikati pamefagiliwa. Makaa mengine yote yalikuwa yamevutwa chini, yamelazwa tutani na kufukiwa majivu, kama magugu. Bi Somoe alikuwa ameegemea jembe, anaangalia kazi yake kwa kuridhika.

"Mama," nikasema taratibu, "moto uko wapi?"

"Nimepalia. Nkaa ulikuwa umesongamana mno, mwanangu. Nche ukisongwa hauzai."

Kupalia kwake kulikuwa kwa shamba. Na mimi ndiye niliyemwambia apalie, tena mara mbili. Ndani mlikuwa na unga wangu wote mzuri, gari la mnunuzi wa ufuta aliyekubali kutubebea mzigo lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri, na mbele yangu amesimama mama wa mume wangu, aliyekuja kunisaidia kwa mara ya kwanza, amenifanyia kazi kwa moyo wote, na ameniita mwanangu. Niambieni ninyi mnaojua kusema: ningesema nini? Mkwe hasahihishwi. Nikamwambia, "Ahsante, mama. Umepalia vizuri."

Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu mtu akisifiwa huendelea. Kila trei niliyoingiza, nikipanga makaa juu, nikigeuka kusukuma unga, nasikia nyuma yangu jembe linakwaruza bati. Krrr. Anapalia. Nikirudisha makaa, anayaona magugu yamerudi, anapalia tena. Tuliendelea hivyo mpaka unga ukaisha, yeye anaimba kwa Kimwera, mimi nalia kwa kisingizio cha moshi. Biskuti zilikaa motoni muda mrefu kupita kiasi, zikatoka zimepauka, kavu, ngumu mkononi. Nilionja moja tu, kwa hofu, wala sikuisikia ladha. Nikazipanga kwenye maboksi kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Baba Shaibu akaniuliza kama zimepatikana. Nikamwambia zimepatikana.

Njiani manyunyu hayakukatika. Barabara ya Ruangwa wakati wa mvua mnaijua: gari linateleza, linazama, mnashuka, mnasukuma. Tulilala njiani, na turubai lilivuja. Tulipofika Mbekenyera boksi la juu lilikuwa limelowa pembeni. Nikashuka moja kwa moja kwenda nyuma ya nyumba kwa wapishi wa pilau, nikachukua vitunguu, nikaanza kumenya bila kuombwa. Nilikuwa na mpango wa kuumwa tumbo.

Chai ikatolewa. Nikasubiri kusikia ule ukimya wa watu wanaosema wameshiba. Badala yake nikasikia mlio, watu wengi wanatafuna pamoja, kama mbuzi kwenye mabua makavu. Sikuuelewa. Mara msichana akaja mbio, akasema mjomba wa bibi harusi ananiita. Nikafuta mikono, nikaenda.

Shemeji yangu alikuwa amekaa na wazee wenzake, makombo yamejaa kwenye ndevu. Akaniinamia, akaninong'oneza, "Shemeji, kuna boksi jingine? Usilitoe hapa. Liweke chumbani kwangu."

Ndipo nilipochukua moja, nikaitafuna kwa mara ya kwanza kama mtu anayekula. Ilivunjika mdomoni, kavu mpaka ndani, na tangawizi ikaja nyuma yake taratibu, ikapanda mpaka puani. Siku mbili barabarani, mvua, turubai linalovuja, na haijalegea. Kumbe miaka yote nilikuwa nazikaanga kwa haraka: juu zinaiva, zinafunga, maji yanabaki ndani, kesho yanatoka kidogo kidogo na kulegeza kila kitu. Moto uliopaliwa kishamba ulizikausha polepole bila kuzichoma. Nilicheka peke yangu katikati ya harusi ya watu. Nilifurahi, wanangu, nilifurahi sana, mpaka nikamtafuta mama mkwe wangu kwenye umati wa wanawake, nikamkumbatia, jambo ambalo halifanywi. Alikauka kama mti, kisha akanipigapiga mgongoni.

Tuliporudi nikamwomba anifundishe. "Mama, nioneshe tena unavyopalia." Alinifundisha kwa makini, kwa jembe kwanza, baadaye kwa koleo nilipomshawishi. Toa ya katikati, acha ya pembeni. Kaa kubwa linalomzidi mwenzake, toa. Usifukie majivu mapema, huenda ukalihitaji. Nami nikaongeza langu la Muheza, na hiyo ndiyo kanuni niliyowapa ninyi: mwanzo palia kwa kuweka, biskuti zipate rangi, sukari itanukia kwanza, na ikishafuata tangawizi, palia kwa kutoa. Neno moja, kazi mbili, na ole wake atakayechanganya zamu. Watu wakaanza kuziita biskuti za kupalia. Wageni wanadhani tunatia magugu.

Msimu uliofuata nilienda Nambambo nikakuta jembe langu limeegemezwa mlangoni, lina mpini mpya. Mkeka haukutandikwa. Nililima siku nzima mpaka viganja vikachubuka, na sijawahi kuchubuka kwa raha namna ile.

Alipokuwa mzee sana, amekaa hapa hapa barazani, nilimwambia ukweli. Nikamweleza neno lile kwetu lina maana gani na siku ile nilitaka nini.

"Kwa hiyo nilikosea?"

"Ulikosea, mama."

"Na harusi nzima ikala?"

"Ikala, ikaomba nyingine."

Alicheka mpaka tukamletea maji. Alipotulia akanitazama kwa jicho la pembeni. "Sasa niambie, mangapi mengine nimeharibu, nawe ukasema ahsante, mama?"

"Mengi tu," nikasema, na akaanza kucheka upya.

Mengine ya kazi mnayajua. Iliki iponde siku ile ile. Mchanga wa sufuria uchekeche, kuna siku nilioka mjusi. Mteja akisema "nitunzie", hatarudi, na mkizila zile biskuti mchana ndipo atakaporudi. Mtumishi anayekwenda likizo kwao atataka zifungwe kwa sifa kuliko zilivyo, fungeni. Moshi umeniharibu macho, kwa hiyo jengeni lile banda la jikoni juu zaidi kabla halijawaharibu ninyi. Sikustaafu kwa kupenda, lakini siku niliyopeleka mkono kwenye trei nikakosa na kushika kaa, nilijua.

Sasa nifike juzi, maana ndipo ninapotaka kufika.

Mlikuwa na oda ya Ruangwa, oda kubwa ya kwanza bila mimi. Nilikaa kwenye kiti changu, nimetazama barabarani kama nilivyoagizwa. Sukari ikanukia. Nikahesabu tasbihi. Tangawizi ikanukia, na pamoja nayo kitu kingine nisichokijua, kizito kidogo, cha mafuta. Nikanyanyuka. Nikasikia mnacheka huko ndani, Zaituni anasema, "Oya, usiguse, acha ikae." Nikakaa. Nikanyanyuka tena. Baba Shaibu, anayesoma gazeti moja tangu Jumatatu, akasema bila kuinua kichwa, "Mama Shaibu, kijiko hakijapotea."

Mkatoka nyote wawili na sahani na chai. Nikaiona kabla hamjaiweka chini. Juu ya biskuti, ufuta. Umetapakaa biskuti nzima, umekaangika, umeng'ang'ania.

"Ufuta huu umetoka wapi?" nikauliza.

"Ruangwa, mama," Zaituni akajibu.

"Najua ufuta unatoka Ruangwa. Nauliza umefikaje juu ya biskuti yangu."

Mkaangaliana. Hawa ndiye aliyepata ujasiri. "Tumeona tu, mama. Wale watu ni wakulima wa ufuta, tukasema wajione na wao humo. Onja kwanza. Ukisema mbaya, tunaacha, haina noma."

"Na hizo za oda?"

"Zimeshaondoka na boda," akasema, na sauti yake ikapungua. "Zote zina ufuta."

Mlisimama mbele yangu mmefumbata mikono, nyote wawili, na nikawaonea huruma, maana nalijua lile jasho. Nikachukua moja. Ilivunjika vizuri, kavu mpaka ndani. Ufuta ukaja kwanza, kwa makelele, nikaona basi, imeharibika, halafu tangawizi ikapita chini yake na kuunyamazisha. Nikatafuta kasoro. Nilitafuta kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta kitu, nikamaliza biskuti nzima nikitafuta.

Baba Shaibu akashusha gazeti. Nikakigeuza kiti kikatazama jikoni, nikanyoosha sahani, nikasema muongeze.